Somo la Kiingereza: Neno la Hesabu na Jirani Zake



Katika sharika zetu wako wazee na akina mama wengi wasiosoma Kiingereza. Wapatapo barua au chupa ya dawa yenye maandishi ya lugha hiyo, humwendea mwalimu wa dini au kijana wa shule, wakimwambia, “Tusomee.” Nasi twasoma, nao huamini tulivyosema. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa mwezi huu tujifunze jambo linalodhaniwa kuwa jepesi, nalo ni maneno ya hesabu. Maana aliyekwisha kujifunza kuhesabu toka “one” hata “hundred” hudhani amemaliza. Walakini kuijua hesabu ni kazi moja, na kuifahamu ndani ya sentensi ni kazi nyingine.

Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Mzee mmoja alituletea barua iliyomwita kwa daktari “at seven” asubuhi ya siku ya pili. Kwa haraka tukamwambia, “Uende saa saba.” Akaenda kwa miguu, akafika jua la utosi limepita, akakuta daktari amekwisha kuwatazama wagonjwa wa siku ile. Akarudi nyumbani na maumivu yake. Neno “seven” tulilijua, saa hatukuigeuza.

1. Saa. Waingereza huhesabu saa toka katikati ya usiku, na tena toka adhuhuri. Sisi tusemao Kiswahili twahesabu toka macheo na toka machweo. Tofauti yake ni saa sita. Basi “seven o'clock” ni saa moja, “nine o'clock” ni saa tatu, na “twelve o'clock” ni saa sita. “Half past seven” ni saa moja na nusu, na “a quarter to eight” ni saa mbili kasorobo. Tena tutazame herufi zinazofuata: “a.m.” ni tangu katikati ya usiku hata adhuhuri, na “p.m.” ni tangu adhuhuri hata katikati ya usiku.

Hapo pana jambo la kumpendeza msomaji wa Biblia. Wayahudi wa siku za Bwana Yesu nao walihesabu saa za mchana toka macheo, kama sisi. Kwa hiyo katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, saa ya kusulibiwa kwake katika Marko 15:25 imeandikwa “the third hour”. Hiyo siyo “three o'clock”. Ni saa tatu yetu ya asubuhi. Mwingereza hana budi kugeuza. Sisi twafahamu mara moja. Vivyo hivyo vibarua wa mwisho katika Mathayo 20 waliajiriwa saa ya kumi na moja, imesalia saa moja tu jua lichwe. Ndiyo maana hata leo Mwingereza akisema jambo lilifanyika “at the eleventh hour”, hataji saa ya ukutani. Asema lilifanyika wakati ulipokuwa karibu kwisha.

2. Maneno madogo yanayotangulia. Hesabu ni ile ile, lakini jirani yake huigeuza maana. Tulitwae neno “six”:

“At six” ni saa kumi na mbili yenyewe.
“By six” ni kwamba isipite saa kumi na mbili. Kabla yake ni vema.
“For six hours” ni kwa muda wa saa sita.
“In six hours”, mara nyingi, ni zikiisha kupita saa sita toka sasa.
“Every six hours” ni kila zipitapo saa sita.

Hili la mwisho lina hatari. Dawa ikiandikwa “one tablet every six hours”, nasi tukasema upesi, “Kidonge kimoja kila saa sita,” mama aweza kudhani kwamba mgonjwa ameze saa sita ya mchana na saa sita ya usiku, yaani vidonge viwili. Kumbe dawa yataka vinne kwa mchana na usiku. Afadhali tumtajie saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa sita usiku. Kadhalika “twice a day” ni mara mbili kwa siku, na “every other day” ni siku moja kumeza na siku moja kuacha.

3. Umoja na wingi. Kwetu hesabu hufuata jina: mtu mmoja, watu wawili, vitabu vitatu, ila sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Katika Kiingereza hesabu hukaa vile vile, na jina ndilo libadilikalo: “one book”, “two books”. Maneno “hundred” na “thousand” yakitanguliwa na hesabu hayapati “s”: “two hundred people” ni watu mia mbili. Bali “hundreds of people” ni mamia ya watu, pasipo kutaja idadi. Tena hesabu na jina yakiungana ili kueleza jina jingine, “s” huondoka: “a two-day meeting” ni mkutano wa siku mbili.

4. “One” isiyo hesabu. Mwingereza akisema “One must be patient”, hasemi juu ya mtu mmoja kati ya wengi. Maana yake ni kwamba mtu yampasa kuwa na subira, awaye yote.

5. Masikio. “Fifteen” ni kumi na tano, “fifty” ni hamsini. “Thirteen” ni kumi na tatu, “thirty” ni thelathini. Yakisemwa upesi hufanana. Basi tumwulize msemaji, “One five, or five zero?” Hapo shaka huondoka.

Maswali ya kujijaribu:
(a) Mkutano ni “at ten a.m.” Washarika waambiwe saa ngapi?
(b) Fedha zitakiwa “by four p.m.” Je, aletaye saa nane mchana amekosa?
(c) Dawa yasema “one tablet every eight hours”. Ni vidonge vingapi kwa mchana na usiku?
Majibu: (a) Saa nne asubuhi. (b) Hakukosa, maana saa kumi haijapita. (c) Vitatu.

Ndugu zetu, asiyesoma ametukabidhi siku yake, na pengine uhai wake. Tukiwa na shaka tusione haya kusema, “Ngoja, nitamwuliza ajuaye.” Yule mzee tulimwendea jioni ile ile tukaungama kosa letu, na siku iliyofuata tukamsindikiza, tukafika saa moja asubuhi. Bwana wetu alifundisha juu ya uaminifu katika mambo yaliyo madogo sana (Luka 16:10). Neno la hesabu ni dogo. Tulisome kwa uaminifu.