Karakana Ndogo na Fedha za Utafiti wa Ulinzi

Kati ya mwaka 2009 na 2014, watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 walioshiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Majaribio hayo yalifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike. Lisilofahamika na wengi ni kwamba kazi ya kuitafuta ilianza katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa kampuni ya dawa na Taasisi ya Walter Reed, ambayo ni taasisi ya utafiti ya jeshi la nchi kavu la Marekani. Jeshi lilikuwa na sababu yake. Askari apelekwaye nchi za joto huweza kuangushwa na mbu kabla hajamwona adui.

Utafiti wa ulinzi, basi, si bunduki na mizinga tu. Ni chakula kisichooza upesi, maji safi, viatu, kamba, mahema, redio na dawa. Baadhi ya vitu hivyo huweza kutengenezwa na karakana yenye watu watano. Lakini karakana hiyo itapataje fedha za Serikali za kufanyia utafiti, ilhali haina maabara wala jina?

Mpango unaojulikana zaidi wa kulijibu swali hilo ulianzia Marekani. Mwaka 1977, Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo, kwa juhudi za ofisa wake Roland Tibbetts, lilianza kuzipa kampuni ndogo fedha za utafiti kwa hatua. Mwaka 1982 ikatungwa sheria iliyozitaka idara za Serikali zenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka zitenge sehemu yake kwa ajili ya kampuni ndogo tu. Sehemu hiyo ilianza kwa 0.2 kwa mia, ikapanda hadi kufikia 3.2 kwa mia mwaka 2017. Sheria yenyewe ni ya muda, na Bunge la huko limekuwa likiihuisha mara kwa mara. Wizara ya Ulinzi, kwa kuwa ina fedha nyingi za utafiti kuliko idara nyingine, ndiyo imekuwa na fungu kubwa zaidi. Yafaa kukumbuka kwamba kampuni ndogo kwa kipimo cha Marekani ni ile isiyozidi wafanyakazi 500, idadi ambayo Korogwe ingehesabiwa kuwa kiwanda kikubwa.

Hatua za mpango huo ni tatu. Katika hatua ya kwanza mwombaji hupewa fedha kidogo, kwa muda wa miezi sita hadi mwaka mmoja, ili aonyeshe kama wazo lake lawezekana. Akifaulu, hatua ya pili humpa fedha nyingi zaidi, kwa kiasi cha miaka miwili, ili atengeneze kielelezo kinachofanya kazi. Katika hatua ya tatu fungu lile halitoi kitu. Mwenye kampuni hana budi kutafuta mnunuzi, ambaye aweza kuwa jeshi lenyewe au soko la raia. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu walizizoea fedha za utafiti wakasahau kuuliza ni nani atakayeinunua bidhaa.

Siri ya mpango huo, hata hivyo, haimo katika wingi wa fedha. Wizara hutangaza kwanza orodha ya maswali yake, na mwombaji hupimwa kwa jinsi anavyolijibu swali lililoulizwa. Aandikaye kwamba bidhaa yake ni imara na bora kuliko zote hajajibu kitu. Ajibuye ni yule aelezaye kitu kitakachopimwa, kipimo kitakachotumika, idadi ya majaribio, siku zitakazohitajika na gharama ya kila siku. Mwombaji wa namna hiyo, hata akiwa hajulikani, humwezesha msaili kuamua.

Karakana ya Handeni haiwezi kuomba fedha hizo za Marekani, kwa maana sheria yataka zaidi ya nusu ya umiliki iwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu wa nchi ile. Hapa Tanzania njia ni nyingine. Utafiti wa zana za jeshi umekabidhiwa vyombo vya ulinzi vyenyewe, kama vile kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, na Shirika la Mzinga la Morogoro. Fedha za utafiti wa kiraia zina Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na mfuko wake wa MTUSATE. Kwa ushauri wa ufundi na biashara liko SIDO, tangu mwaka 1973. Mwenye wazo la manufaa kwa ulinzi aweza kuanzia katika mlango wa kiraia.

Mfano wake uko Morogoro. Mbelgiji Bart Weetjens alikuwa na wazo ambalo wengi walilicheka, kwamba panya buku aweza kufundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Fedha za kwanza, mwaka 1997, zilitoka katika ushirikiano wa maendeleo wa Serikali ya Ubelgiji, wala si katika wizara ya ulinzi. Zilikuwa za kujibu swali moja tu: yawezekana? Mwaka 2000 shughuli ilihamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa ushirikiano na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwaka 2004 kundi la kwanza la panya lilifaulu mtihani wa viwango vya kimataifa nchini Msumbiji, na mwaka 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini. Panya ni mwepesi mno hata halipui bomu alikanyagalo. Ukweli huo mdogo wa fizikia ulifaa katika maombi kuliko maneno mengi ya sifa.

Na ichukuliwe sasa karakana ya kufikirika ya kusokota kamba katika wilaya ya Korogwe, nchi ya mkonge tangu mmea huo ulipoletwa pwani na Richard Hindorf mwaka 1893. Swali ni kama kamba ya katani yaweza kutiwa dawa ili isipoteze nguvu baada ya kulowa. Jaribio la kwanza halihitaji mashine. Hukatwa vipande 30 vya uzi mwembamba, vya urefu na unene mmoja, kutoka robota moja. Kumi hubaki vikavu, kumi hulowekwa kwa siku saba, na kumi hutiwa dawa kisha hulowekwa vilevile. Kila kipande hufungwa ndoo, mchanga ukaongezwa kidogo kidogo hadi kikatike, kisha ndoo na mchanga wake vikapimwa. Miguu ya wanafunzi ikae mbali!

Tuseme vile vikavu vimekatika kwa wastani wa kilo 24, lakini kimoja kimekatika kwa kilo 15. Ni namba ipi iandikwe? Mwenye tamaa ataandika 24. Lakini mnunuzi atakayefunga mzigo wake hana budi kuijua ile 15, na msaili aonapo imefichwa huacha kuziamini nyingine. Zote mbili ziandikwe, pamoja na maelezo ya kasoro iliyoonekana pale uzi ulipokatikia. Ikiwa dawa haikusaidia, hilo nalo ni jibu, na fedha zilizotumika kulipata ni za hatua ya kwanza tu.

Kuna tahadhari moja. Wazo lililokwisha kutangazwa hadharani huweza kukosa hataza, kwa kuwa si jipya tena. Mwenye dawa ya kamba aulize kwanza BRELA, ndipo aipeleke kwenye maonyesho.

Kwa zoezi, shule za Handeni, ambako uhaba wa maji ni wa siku nyingi, zaweza kuibadili kamba kuwa chujio: chujio jepesi la kubebwa na kijana wa JKT katika kambi ya Mgambo, na ambalo mama wa Kabuku aweza kulitumia nyumbani. Nusu ya darasa iandike ombi la ukurasa mmoja lenye swali, kipimo, idadi ya majaribio, siku na gharama. Nusu nyingine isaili maombi hayo na kuyapa alama, majina ya waandishi yakiwa yamefunikwa.