SOMO LA KIKUNDI: Sinki la Zamani Lisiuzwe Skrapu

Ukipata sinki la chuma katika nyumba kuukuu, usikimbilie kuliuza kwa kilo. Kwanza lijue.

Likiwa jeupe, zito, na sumaku inalishika, basi ni chuma chenye enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa motoni ukagandamana na chuma. Haishiki doa wala harufu upesi. Lakini ikibanduka, maji hufika kwenye chuma na kutu huanza.

Litunzeni hivi:

1. Sugua kwa kitambaa na sabuni. Mchanga na waya wa sufuria huikwaruza.
2. Ndimu au siki isilale humo, huila enameli.
3. Likaushe kila jioni.
4. Enameli ya kale yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Palipobanduka usikwangue, wala chakula kisiguse hapo.
5. Weka ndoo chini ya bomba la kutolea maji. Hapa Bisil maji ni mali. Ya kusuuzia yanywe mti.

Swali la kujadili: Pesa ya skrapu italisha nyumba siku ngapi, na sinki litatumika miaka mingapi?