Tundu la umeme la gari likikufa: tafuta sababu mbele ya kubadili fyuzi

SOMO KWA KOMITE, MASHOFA NA WANAMEMBA WOTE



Koperative nyingi za Kabare, Walungu na Kalehe zinatumia gari lililokwisha kutumika kwingine, mara nyingi Toyota iliyotoka Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Gari hilo linabeba kahawa, maharagi na nyanya mpaka Bukavu. Lakini kule vijijini ambako umeme wa SNEL haujafika, linafanya pia kazi nyingine: linachaji simu ya mama mtunza-pesa. Simu hiyo ikizimika siku ya kununua kahawa, malipo ya M-Pesa au Airtel Money yanasimama, na mkulima anarudi nyumbani bila makuta yake.

Ndiyo maana tundu la umeme lililo karibu na usukani, lile mafundi wanaita allume-cigare, linastahili somo.

Tundu linafanya kazi namna gani?

Chini kabisa, katikati ya tundu, kuna kipande cha chuma. Hapo ndipo umeme wa batri unapoingia (chanya). Ukuta wa chuma unaozunguka tundu ni hasi, nao umeunganishwa na bodi ya gari. Njiani kuna fyuzi (fusible kwa Kifaransa). Umeme ukipita kiasi, fyuzi inakatika ili waya usiungue. Fyuzi ni kama mlinzi wa mlango: akianguka, kwanza uliza nani amemwangusha.

Angalia pia volti. Magari madogo yana volti 12. Malori mengi, kama Fuso, yana volti 24. Chaja iliyoandikwa 12V tu ikitiwa kwenye lori inaweza kuungua palepale.

Hatua tano za kutafuta ubovu

Anza na jambo jepesi, umalize na gumu.

1. Ufunguo. Katika magari mengi tundu halipati umeme mpaka ufunguo ufike kwenye ACC. Geuza, halafu jaribu tena.

2. Chaja. Ijaribu kwenye gari lingine, au tia chaja nyingine kwenye tundu lako. Mara nyingi chaja ya bei rahisi ndiyo imekufa, tundu ni zima.

3. Ndani ya tundu. Zima gari, mulika kwa tochi. Utaona vumbi, kutu, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au sarafu ya Rwanda iliyoanguka toka mfukoni mwa mtu aliyevuka Ruzizi. Usiingize bisibisi wala kisu! Kwanza toa fyuzi, kisha safisha kwa kijiti kikavu. Kama kuna kutu, sugua polepole kwa msasa.

4. Fyuzi. Sanduku la fyuzi liko chini ya dashibodi, na mara nyingine kuna lingine kwenye injini. Kwenye kifuniko tafuta alama CIG, P/OUTLET au ACC. Chomoa fyuzi, itazame kwenye mwanga: kile kiwaya cha ndani kikikatika, imekufa. Weka nyingine yenye namba ileile. Rangi inakusaidia: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Kwa tundu hili mara nyingi ni 15, lakini fuata namba iliyoandikwa kwenye kifuniko.

5. Taa ya kupimia. Kama fyuzi ni nzima na bado hakuna umeme, chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Fungua ufunguo mpaka ACC. Waya mmoja uguse katikati ya tundu, wa pili uguse ukuta wake. Angalia nyaya zisigusane. Isipowaka, waya wa pili uguse chuma cha bodi kisicho na rangi. Ikiwaka sasa, ubovu uko upande wa hasi wa tundu. Isipowaka hata hapo, waya wa chanya umekatika au umechomoka nyuma ya tundu. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme wa magari.

Fyuzi mpya ikikatika tena

Usitie ya tatu. Kama imekatika bila kitu chochote kwenye tundu, kuna waya uliochubuka au chuma kinachogusana. Mwambie fundi atazame hasa pale mwenye gari wa kwanza alipounganisha redio au alarmu yake. Kama imekatika pale ulipochomeka chombo, chombo hicho ni kibovu au kinavuta umeme mwingi mno.

Hesabu ni nyepesi: wati gawanya kwa volti, utapata ampea. Chaja ya simu ya wati 20 inavuta chini ya ampea 2. Lakini mashine ya kugeuza umeme wa batri uwe wa volti 220, ikifanya kazi ya wati 300, inavuta ampea 25. Fyuzi ya 15 haiwezi. Mashine hiyo fundi aiunganishe moja kwa moja na batri, kwa nyaya nene na fyuzi yake yenyewe.

Kitu cha kukataza kabisa

Kuna shofa atakayekuambia: "Tia tu waya, itatembea." Kweli, itatembea. Lakini ukitia waya wa shaba, karatasi ya sigara, au fyuzi ya 30 pahali pa 15, mlinzi ameondoka. Sasa kitakachoungua ni nyaya zenyewe, chini ya dashibodi, katikati ya plastiki. Na magari yetu yanabeba bidoni za petroli, mizigo na watu. Fyuzi moja ni bei ndogo sana mbele ya bei ya mfuko mmoja wa kahawa, na uhai wa mtu hauna bei.

Komite ifanye hivi

• Gari liwe na fyuzi za akiba za kila namba, tochi na balbu ya kupimia.
• Shofa aandike kwenye daftari la gari kila fyuzi inapokatika: tarehe, na kitu kilichokuwa kwenye tundu.
• Usiku chaja ichomolewe. Katika magari mengine tundu lina umeme hata ufunguo ukitolewa, na batri inaisha polepole.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

1. Fyuzi ya tundu la gari letu ni ya ampea ngapi? Twende tuitazame pamoja.
2. Je, kuna waya uliowekwa pahali pa fyuzi? Nani atautoa, na lini?
3. Gari likiharibika siku ya kununua mavuno, simu ya malipo itachajiwa wapi?