Fisi, Simba na Mwiba wa Karaba: Somo kwa Wazazi na Viongozi

Katika somo hili tunaangalia filamu za katuni zinazotazamwa na watoto wetu. Karibu zote zina watu wa namna zile zile: mtoto shujaa, mzee mwenye hekima, rafiki mchekeshaji, na adui. Hata hadithi zetu za Sungura na Fisi ziko hivyo. Shida iko kwa huyo adui.

Tuchukue The Lion King, filamu ya Marekani ya mwaka 1994. Fisi jike anayeongoza wenzake anaitwa Shenzi. Huku Nyangwe neno hilo lina historia. Katika karne ya 19, wakati wa misafara ya pembe na watumwa, watu wa pwani na wafuasi wao walijiita waungwana. Wenyeji waliitwa washenzi. Kiswahili chetu chenyewe kiliitwa Kingwana. Aliyeitwa mshenzi aliweza kukamatwa na kuuzwa. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara hao walipiga risasi wenyeji waliokuja sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba, na Livingstone alishuhudia. Sasa, katika filamu ile hakuna fisi hata mmoja mwema, wala hakuna anayeuliza kwa nini wana njaa. Mtoto aliyekimbia kijiji chake ni rahisi kumpa fisi huyo jina la kabila la jirani.

Tofauti ni Kirikou et la Sorcière, filamu ya Michel Ocelot ya mwaka 1998. Mlozi Karaba anatisha kijiji kizima, lakini Kirikou, mtoto mdogo kabisa, anauliza bila kuchoka: kwa nini Karaba ni mbaya? Babu yake anamjibu kwamba wanaume walimchoma mwiba wa sumu mgongoni, na maumivu hayaishi. Kirikou anaung'oa kwa meno. Tungependa watoto waione hii zaidi, ingawa kwa vichekesho ile ya Simba inashinda.

Tena Simba ana jambo linalowagusa waliokimbia. Baba yake anauawa, na baba yake mdogo, ambaye ndiye muuaji, anamwambia kosa ni lake, akimbie asirudi. Watoto waliopoteza wazazi vitani wanaweza kubeba lawama kama hiyo kimya kimya. Mama, baba, baada ya filamu mwulize mtoto: "Simba alikosa nini?" Kisha msikilize, usimsahihishe upesi.

Maswali ya kujadili, wenyeji na waliohamishwa wakiwa pamoja: Kwetu, nani anaitwa fisi? Alichomwa mwiba gani? Nani alimchoma?