Kazi ya Nyumbani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wapo waliofurahi kuepukana na foleni ya asubuhi. Baada ya miezi michache hawaijui Jumamosi wala Jumanne, na ofisini majina yao yameanza kusahaulika. Kazi ilipohamia nyumbani iliiacha mipaka yake ofisini. Ichore upya mwenyewe, kisha uilinde.

FANYA

1. Oga, vaa, anza kwa saa maalumu. Tai si lazima, lakini bukta ya kulalia si vazi la kazi.

2. Watangazie wa nyumbani na majirani saa zako. Usipowaambia, kwao wewe upo upo tu. Jirani atagonga saa nne asubuhi: "Dada, si upo? Nishikie huyu mtoto, nafika sokoni mara moja." Hiyo mara moja huishia adhuhuri, na kikao chako kimeshapita. Jibu kwa heshima, tena kwa ufupi: "Nipo kazini, mama Asha. Saa saba nina nafasi." Usijieleze zaidi ya hapo. Watazoea.

3. Pumzika, ni haki yako. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60, na kati ya siku na siku apate saa 12 za kupumzika. Kufanyia kazi sebuleni hakukuondolei haki hizo.

4. Piga simu. Ujumbe wa WhatsApp hufikisha agizo; uchovu wa mwenzako utausikia kwenye sauti. Kila wiki mpigie mmoja wa ofisini bila ajenda, umjulie hali yeye na wa kwake. Kama ofisi iko mji huohuo, nenda mara mojamoja. Mengi ya kazini husemwa wakati wa chai.

5. Kagua umeme na bando usiku. Uniti zikiisha katikati ya kikao, hakuna atakayekuonea huruma mara ya pili.

USIFANYE

1. Usifanyie kazi kitandani. Mgongo utauma, na usiku usingizi utakukimbia. Meza ndogo pembeni mwa chumba inatosha.

2. Usijibu ujumbe wa kazi saa tano usiku. Ukijibu leo, kesho utadaiwa jibu. Kama mteja wako yuko New York, saa tatu yake ya asubuhi ni saa kumi au kumi na moja jioni kwetu, kutegemea majira yao. Hapo kubalianeni kwa maandishi kazi inaanza na kuisha saa ngapi. Ukikesha naye, asubuhi lala. Usiuze mchana na usiku kwa mshahara mmoja.

3. Usizidishe saa ili uonekane upo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Bosi hatakuuguza.

4. Usijifungie ndani kama mwali. Jua likipoa, toka. Salimia barazani, hudhuria msiba wa mtaa, kaa kwenye kikao cha harusi. Anayetuma mchango kwa simu kila mara bila kuonekana, siku yake ikifika ataletewa michango kwa simu.

5. Usile huku unachapa. Chakula kina saa yake na watu wake.

Mpe mwajiri saa zake zote kwa uaminifu, usiibe hata dakika. Zikiisha, zima kompyuta. Zilizobaki ni za watu wako na za mwili wako, na usipozidai wewe, hakuna atakayekudaia.