Hali ya Masharti: -ki-, -nge- na -ngali- katika Mabishano ya Mashabiki

Katika sura iliyotangulia tulishughulikia viambishi vya njeo, yaani vile vinavyoonyesha wakati wa tendo. Sasa tunaingia katika viambishi ambavyo wanachuo wengi huvichukua kuwa vya njeo pia, kumbe kazi yao ya kwanza ni nyingine. Viambishi hivyo ni -ki-, -nge- na -ngali-. Hoja yetu ni kwamba viambishi hivi huonyesha kwanza msimamo wa msemaji kuhusu sharti analolitaja: je, analiona liko wazi, analiona haliwi, au anajua mlango umekwisha fungwa? Wakati wa tendo huja nyuma ya hilo.

Tumechagua mifano ya kandanda kwa makusudi. Hakuna watu wanaotumia masharti kwa wingi kama mashabiki wa mpira. Kabla ya mchezo hupanga kikosi ambacho hawana mamlaka nacho, na baada ya mchezo hurekebisha matokeo ambayo hayabadiliki. Na hakuna mahali pazuri pa kuwasikiliza kama mpakani, ambapo mashabiki wa timu mbili pinzani hunywa chai katika kibanda kimoja.

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Upande mmoja ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, na upande wa pili ni Wilaya ya Busia nchini Uganda. Kaskazini yake kuna kivuko cha Malaba, kinachoelekea Tororo, mji unaotambulika kwa mwamba wake mkubwa. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka, nao Wajopadhola wa Tororo wana undugu wa lugha na Wajaluo wa Kenya. Hata neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, asili yake ni huko mpakani, kwa wale waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Kiswahili kinachosikika hapo ni Kiswahili cha kazi: cha soko, cha malori na cha mpira.

Mchezo tunaoutumia ulichezwa kweli. Tarehe 8 Oktoba 2011, Uganda iliikaribisha Kenya katika Uwanja wa Taifa wa Mandela, Namboole, kuwania nafasi ya kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2012. Timu hizo zilikuwa kundi moja pamoja na Angola na Guinea-Bissau. Kabla ya siku hiyo Uganda ilikuwa na alama 10, Angola 9 na Kenya 7. Uganda haikuwa imecheza fainali hizo tangu mwaka 1978, ilipofika mchezo wa mwisho na kufungwa na Ghana. Ushindi ungeimaliza kiu ya miaka 33. Siku ile ile Angola ilikuwa Bissau ikicheza na Guinea-Bissau.

Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga kwa ajili ya somo hili, lakini namna yake ya kusema ni ile inayosikika vibandani. Ni jioni ya Ijumaa, siku moja kabla ya mchezo. Mzee ni shabiki wa Uganda; Kijana ni mwendesha bodaboda kutoka upande wa Kenya; Mama ndiye mwenye kibanda.

MZEE: Kesho tukipata bao kabla ya mapumziko, mwanangu, mchezo umekwisha. Ninyi mkifungwa hufunguka nyuma kama mlango usio na komeo.

KIJANA: Na msipolipata je, Mzee? Mabeki wetu wakikaba hadi dakika ya 70, ninyi ndio mtakaotetemeka. Mkitoka sare na Angola ikashinda kule Bissau, basi safari yenu imeishia hapo.

MZEE: Ningekuwa kocha, nisingeitaja hiyo sare. Ningewaanzisha mawinga wawili wenye mbio, nao wangepiga krosi tangu dakika ya kwanza.

KIJANA: Nasi tungekuwa na alama 10 kama zenu, tungejaza viungo katikati na kungoja shambulizi la kushtukiza. Lakini tuna 7, Mzee. Tusiposhambulia, tutakuwa tumekwenda kutazama mwamba wa Tororo na kurudi.

MAMA: Mkimaliza kubishana mnilipe chai yangu. Ningekuwa ninalipwa kwa kila bao mnalolifunga hapa, ningekuwa nimekwisha kujenga ghorofa.

Tazama kwanza sentensi za Mzee. Anapozungumzia bao la kesho anasema tukipata, si tungepata. Kiambishi -ki- kinaliacha sharti wazi: bao laweza kupatikana, laweza kukosekana, na Mzee anaamini kuwa njia zote mbili zipo. Kishazi kikuu kinachofuata -ki- kina uhuru mkubwa. Chaweza kuwa na -ta- (wakikaba, mtatetemeka), hu- ya mazoea (mkifungwa hufunguka), dhamira tegemezi (mkimaliza mnilipe), au hata -me-, kama katika “tukipata bao, mchezo umekwisha”. Matumizi hayo ya mwisho yanastahili kuangaliwa vizuri. Mzee analihesabu jambo la kesho kama lililokwisha tendeka kwa sababu ana hakika na matokeo yake endapo sharti litatimia. Mwanachuo anayedai kuwa -me- ni ya wakati uliopita tu atapata taabu kuieleza sentensi hii.

Angalia pia “mkitoka sare na Angola ikashinda”. Masharti ni mawili, lakini -ki- imetajwa mara moja; sharti la pili limebebwa na -ka-. Ni muundo mzuri, nao haufundishwi inavyostahili.

Mzee anapohamia kwenye ukocha anabadilisha kiambishi mara moja: ningekuwa, nisingeitaja, ningewaanzisha. Yeye si kocha na anajua kwamba hatakuwa kocha kesho. Kiambishi -nge- hulitaja sharti ambalo msemaji mwenyewe anakiri kwamba halipo. Kijana naye anasema tungekuwa na alama 10, kwa kuwa alama ni 7 na ubao hauna huruma. Sasa tufanye jaribio. Tuseme Mzee angetamka, “Kesho tungeshinda, tungefuzu.” Sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo kila aliyeketi kibandani angegeuka kumtazama, maana kwa silabi moja angekuwa amekata tamaa kabla ya filimbi. Hapo ndipo tofauti ya -ki- na -nge- ilipo. Sentensi zote mbili zinahusu kesho. Kinachozitenga ni imani ya msemaji.

Mchezo ulikwisha sare ya bila kufungana. Angola ikashinda 2–0 mjini Bissau na kumaliza ikiwa na alama 12, Uganda ikiwa na 11. Mabasi yaliyowabeba mashabiki wa Busia na Tororo yalirudi usiku kwa barabara ya Jinja. Jumatatu, katika kibanda kile kile, tunawasikia tena.

KIJANA: Pole, Mzee wangu.

MZEE: Tungalipata bao moja, mwanangu, tungalikuwa na alama 13, nao Angola wangalibaki na 12 zao. Bao moja tu!

KIJANA: Nasi tusingalikaba vile, leo ungalikuwa ukituringia hapa.

MAMA: Mwache. Tangu juzi hajala vizuri.

Tukipata ya Ijumaa imekuwa tungalipata ya Jumatatu. Bao ni lile lile, uwanja ni ule ule, msemaji ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba jambo lililokuwa wazi limefungwa, na Mzee hana tena njia ya kulifungua ila kwa maneno. Kiambishi -ngali- ndicho kinachobeba maana hiyo: sharti lilikuwa na nafasi yake, nafasi ikapita. Baadhi ya wasemaji hutamka -ngeli- badala yake, na mwalimu asishtuke akiisikia.

Kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba vishazi viwili vya sharti la namna hii hulingana: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-. Sentensi “Tungefunga, tungalifuzu” ihesabiwe kuwa na kosa katika maandishi ya darasani. Vilevile kiunganishi kama si cha lazima kabla ya viambishi hivi, kwa sababu sharti limo ndani ya kitenzi. Katika mazungumzo “kama tungefunga” haimdhuru mtu. Katika insha tunapendelea kuiacha.

Kuhusu ukanushi, -ki- hukanushwa kwa -sipo-: tukifunga, tusipofunga. Kwa -nge- na -ngali- kuna njia mbili. Ya kwanza huweka -si- baada ya kiambishi cha nafsi: tusingefunga, asingalifunga. Ya pili hutanguliza ha- au si-: hatungefunga, hangalifunga, singefunga. Njia ya pili husikika sana nchini Kenya, na wanafunzi wa mpakani watakuja nayo darasani. Tunashauri njia ya kwanza kwa maandishi, kwani umbo lake ni moja kwa nafsi zote, lakini hatuoni sababu ya kumkata mwanafunzi alama kwa kutumia ya pili. Kumbuka pia vitenzi vya silabi moja: huacha ku- baada ya -ki- (akija, wakila) na huibakiza baada ya -nge-, -ngali- na -sipo- (angekuja, wangalikula, asipokuja).

Mtego mmoja huwanasa hata waliobobea. Kuna -ngali nyingine, yenye maana ya “bado”, ambayo hupokea kiambishi cha nafsi na kusimama peke yake. “Uganda ingali na tumaini” ni habari njema: tumaini bado lipo. “Uganda ingalikuwa na tumaini” ni msiba. Msomaji wa taarifa za michezo asiyezitenganisha atashangilia mahali pa kulia. Na -ki- nayo ina pacha. Katika “tuliwaona wakipiga krosi” hakuna sharti lolote. Ni tendo lililokuwa likiendelea. Njia rahisi ya kupima ni kujaribu kuweka ikiwa: “ikiwa watapiga krosi” inakubalika palipo na sharti, haikubaliki hapa.

Limebaki suala ambalo hatutalificha. Tuliwahi kusahihisha karatasi ya mwanachuo kutoka upande wa Tororo aliyeandika, “Uganda ingefunga siku ile, ingefuzu.” Tukaizungushia -nge- wino mwekundu na kukata alama 2. Alikuja ofisini kwa adabu akatuuliza: ikiwa maneno siku ile yamekwisha onyesha wakati, -ngali- inaongeza nini? Akasema kwao mtu akitamka tungalifunga huulizwa kama ametoka Tanga. Tulikuwa na jibu la kitabu, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko jibu letu. Ukweli ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku, mpakani na kwingineko, -nge- inazidi kufanya kazi za -ngali-, na wakati huachiwa vielezi au muundo wa “ingekuwa imefunga”. Tulimrudishia alama 1. Hadi leo hatuna hakika kama tulimpunja au tulimpendelea.

Suala hili lina uzito kwako wewe utakayefundisha. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nchini humo na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto wa mpakani huingia darasani akiwa na Kiswahili alichokiokota sokoni na uwanjani. Akikutana na mwalimu anayekiita kila kitu chake kosa, atanyamaza, na mwalimu hatapata cha kusahihisha. Mfundishe -ngali- kama chombo cha ziada: akiwa nacho, ataweza kutenganisha kwa silabi mbili huzuni ya Jumatatu na ndoto ya Ijumaa.

Mazoezi

1. Andika upya mazungumzo ya Ijumaa ukichukua kwamba Mzee amekwisha kata tamaa. Ni viambishi vipi vitabadilika, na ni vipi havitabadilika? Toa sababu.

2. Kanusha kwa njia mbili, kisha eleza ungefunza ipi kwanza katika Darasa la Sita: (a) Angepiga penalti. (b) Wangalikuja mapema. (c) Ningekula kabla ya mchezo.

3. Mnamo Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika liliziteua Kenya, Tanzania na Uganda kuandaa kwa pamoja fainali za mwaka 2027. Tunga mazungumzo ya mashabiki wawili wa Malaba kuhusu uwezekano wa Kenya na Uganda kukutana katika fainali hizo. Tumia -ki- mara nne, -sipo- mara mbili na -nge- mara tatu.

4. Wasikilize mashabiki mahali unapoishi kabla na baada ya mchezo mmoja. Nukuu sentensi kumi za masharti bila kuzirekebisha. Ni ngapi zina -ngali-?