CHURA ASIYEHITAJI BWAWA

Mtu akaaye Eldoret hahitaji kuelezwa vyura huzaliwa wapi. Mvua za Aprili zianzapo, sauti zao husikika katika mabwawa ya mashambani na kando ya mto Sosiani. Jike hutaga majini. Mayai huangua viluwiluwi wenye mikia, nao baadaye huota miguu na kutoka nchi kavu. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba pasipo maji yaliyotuama hapawezi kuzaliwa chura.

Sivyo ilivyo kwa vyura wote. Katika misitu ya pwani ya Kenya, kama ile ya Shimba Hills huko Kwale, yuko chura aishiye chini kati ya majani yaliyoanguka. Jina lake la kitaalamu ni Arthroleptis stenodactylus, naye alielezwa kwanza na mtaalamu Mjerumani, Georg Pfeffer, mwaka 1893. Urefu wake haufiki sentimita 5, na rangi yake ni ya kahawia kama majani makavu, hata mtu aweza kumpita asimwone. Katika kila mguu wa nyuma ana kinundu kigumu mfano wa koleo, cha kuchimbia udongo.

Ajabu yake kubwa ni uzazi. Jike hutaga katika kishimo cha udongo wenye unyevu, au kati ya mizizi. Mtoto hukua ndani ya yai mpaka atimie, kisha hutoka akiwa chura kamili, mdogo sana. Hapiti hali ya kiluwiluwi.

Lakini msomaji asidhani kwamba chura huyu hana haja ya maji. Yai lake halina gaga gumu. Likipigwa na jua hukauka. Bwawa lake ni ule unyevu uhifadhiwao na kivuli cha miti na majani yaozayo. Mtu achomaye majani hayo ili kusafisha mahali haoni maji yaliyoharibika, kumbe ameliteketeza bwawa lenyewe pamoja na mayai yaliyomo.

Chura huyu bado ni wa kawaida, tangu Kenya hata Afrika ya Kusini, nao wengine huishi katika mashamba yenye kivuli. Mkulima aachaye miti kadhaa na kuyaacha majani yaoze hupata faida mara mbili: udongo wake hushika maji na kupata rutuba, na chura hubaki akila wadudu. Kwa habari ya udongo, faida hiyo ni ya mkulima wa Eldoret vilevile.